Picha Haina Mtu

Kituo cha Hali ya Hewa
9 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Habari za siku nyingi, na studio inaendeleaje? Mgongo je, bado unakusumbua ukikaa sana kwenye chumba cha giza? Huku sisi ni wazima. Baridi ya asubuhi imepungua, na Baba amepona kikohozi, ingawa bado anakohoa kidogo akitaka chai.

Nimekutumia picha tano. Zote nimezipigia hapa chini ya kituo, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, mahali ambapo nchi inakatika ghafla kama mkate uliomegwa kwa mkono. Hakuna mchanga hata wa dawa. Ni miamba mitupu, mirefu na mikali, na bahari inaipiga kutwa nzima kana kwamba ina kesi nayo. Miaka minne nimekuwa nikipima upepo na mvua mahali hapa, saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, naandika kwenye daftari, nafunga. Sasa ndiyo kwanza natazama.

Naomba uzipeleke kwa wenzako wa Jumamosi. Uliwahi kuniambia hawana huruma, na hicho ndicho ninachokitaka. Hapa wa kunikosoa ni Baba peke yake, na kila picha anasema, "Maji hayo." Nikimbana zaidi anasema, "Maji mengi."

Lakini ndiye anayenibebea stendi ya kamera. Tangu aache kuendesha malori na kuhamia kwangu, hajui mikono yake aiweke wapi. Analalamika njia nzima kuhusu mawe, upepo na viatu vyangu, na kesho yake yeye ndiye wa kwanza kusimama mlangoni.

Najua wewe naye hamsemezani, na mimi si wa kuingilia mambo ya wakubwa. Nakwambia tu kwamba wakati naandika barua hii anafagia hapohapo mlangoni kwa mara ya tatu.

Mwanao

*

Studio
1 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Mgongo ni uleule, tumeshazoeana. Nimefurahi kusikia mko salama.

Jana tulikutana, chumba cha nyuma kama kawaida, viti vinne na meza ya kukatia picha. Nikujulishe kwanza unakosolewa na nani. Yuko Bwana Gazeti, aliyestaafu gazetini lakini gazeti halijamtoka. Yuko Harusi, ambaye sidhani kama amewahi kupiga kitu kisichovaa shela. Na yuko Bibi Ndege, mwalimu, ambaye anaweza kukaa kichakani nusu siku akimngoja ndege mmoja ageuze shingo. Wa nne ni mimi.

Bwana Gazeti alishika picha ya kwanza, akainamisha kichwa upande, akakiinamisha zaidi. "Mwambie binti yako anyooshe bahari," akasema. "Maji yatatumwagikia sakafuni." Na kweli, mwanangu, mstari wa bahari umelala upande kwenye picha tatu kati ya tano.

Harusi akasema povu limeungua, limekuwa jeupe tupu kama shela iliyopigwa na flashi, halina hata mkunjo mmoja. Bibi Ndege akasema miamba imekuwa shimo jeusi kwa sababu unapiga jua likiwa utosini. Ngoja lishuke, limulike mwamba kwa ubavuni, utaona mikwaruzo yake yote. Kisha akasema jambo ambalo nililipenda, kwamba mbele ya picha hapana kitu, jicho halina pa kukanyaga. Tafuta jiwe moja la karibu, jicho likanyage hapo kwanza ndipo liende baharini.

Ya nne waliizungusha mezani mara mbili. Bwana Gazeti hakusema kitu. Kwake yeye hiyo ni sifa.

Huyo anayekubebea stendi anatembea vizuri kwenye mawe hayo? Goti lake la kushoto liliwahi kuvunjika. Alianguka kutoka juu ya paa akiwa na miaka tisa. Mimi ndiye niliyemsukuma. Usimwambie nimeuliza.

Shangazi yako

*

Kituo cha Hali ya Hewa
20 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. U hali gani? Sisi hatujambo. Barua yako ilinichekesha mpaka mkuu wa kituo akaniuliza kama nimepandishwa cheo.

Nimenyoosha bahari. Nimeazima pimamaji ya fundi mwashi, naiweka juu ya kamera kabla sijapiga. Baba anasema bado matofali tu. Nimengoja jua lishuke kama alivyosema Bibi Ndege, na mwamba umenionyesha mambo ambayo sikujua yapo: nyufa, konokono walioganda, mistari kama ya kitanga cha mkono. Katika picha ya pili na ya tatu kati ya hizi ninazokutumia niliacha kamera wazi kwa muda wa kuhesabu hadi nane. Mawimbi yamekuwa kama moshi, na mwamba umebaki mwamba. Anayehesabu ni Baba. Anahesabu kwa sauti ya mtu anayeelekeza lori lirudi nyuma.

Nilimwuliza habari ya goti. Akanitazama. "Nani kakwambia?" Nikainama kukunja stendi. "Alinisukuma," akasema, kisha akacheka peke yake mpaka akakohoa.

Tulipokuwa tunarudi, bila kuulizwa, akaanza habari ya mazishi ya Bibi, mama yenu. Kwamba alikuwa safarini na lori, mwendo wa siku tatu. Kwamba alituma ujumbe asubiriwe, na alipofika akakuta udongo wa kaburi umeshakauka, na wewe umekaa kibarazani unaosha vikombe vya wageni. Miaka kumi na moja, Shangazi, na anaisimulia kama ya juzi. Sisemi nani ana haki. Nasema tu kwamba amesimulia, na alipomaliza aliuliza kama barua yako imefika.

Waambie hao mafundi wako wa Jumamosi wasinionee huruma.

Mwanao

*

Studio
30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimepata barua yako na picha zikiwa salama. Mimi sijambo.

Kuhusu ule udongo, leo sina la kuandika.

Picha zimewanyamazisha watu. Harusi aliileta ile ya moshi karibu na dirisha akasema angekuwa na mteja mtulivu kama huo mwamba angestaafu kwa raha. Bwana Gazeti alitafuta kosa hadi chai ikapoa.

Lakini wote kwa kauli moja wamesema jambo hili: picha haina mtu. Mtazamaji hawezi kujua mwamba ni mkubwa kama nyumba au kama kiatu. Weka mtu. Na asiwe mbali hadi awe kama sisimizi. Asimame karibu, kiasi cha kuonekana ni nani, uso uonekane. Hata huyo mbeba stendi anatosha, kama hana kazi nyingine.

Haya si yangu, ni maneno ya mafundi.

Shangazi yako

*

Kituo cha Hali ya Hewa
2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini ulipata ujumbe niliouacha kwa simu kwenye lile duka la dawa la jirani yako. Nilisema maneno machache kwa sababu mwenye simu alikuwa amesimama ananingoja. Sasa nakuandikia jinsi ilivyokuwa. Unastahili kujua, na mimi hapa sina wa kumwambia.

Ilikuwa Jumapili, tarehe kumi na mbili Aprili, saa kumi kasoro. Tulishuka kama kawaida. Mimi niliweka kamera juu, kwenye ukingo mkavu. Baba alikwenda kusimama kwenye jiwe bapa la chini. Ni jiwe ambalo mimi mwenyewe nimesimama mara nyingi. Lilikuwa kavu, Shangazi. Nakuapia lilikuwa kavu.

Nilipiga saba. Akasema, "Imetosha, shingo inauma." Nikamwambia, "Moja tu zaidi, Baba, baki hapohapo." Akabaki. Nikainama kusogeza mguu mmoja wa stendi. Nilisikia kishindo cha wimbi, si kikubwa kuliko vingine. Nilipoinua kichwa jiwe lilikuwa linachuruzika maji na halikuwa na mtu.

Nilipiga kelele. Nilishuka mpaka pale. Nilimwona mara moja tu, mkono na bega, upande ambao sikutegemea, mbali kuliko mtu anavyoweza kufika kwa muda ule. Kisha sikumwona tena.

Asubuhi ile saa tatu mimi mwenyewe niliandika kwenye daftari kwamba bahari itachafuka kuanzia alasiri. Ni mwandiko wangu. Nilidhani tutakuwa tumemaliza.

Siku ya nne watu wanaochimba chambo walimkuta, ghuba ya pili kutoka hapa. Daktari alisema mwili hauwezi kungoja hata kesho. Tulimzika alasiri hiyohiyo, mimi, mkuu wa kituo, fundi mwashi na wale wachimba chambo.

Sikukusubiri. Najua neno hilo lina uzito gani kwetu. Sikuweza kukusubiri.

Mkanda wa picha bado umo ndani ya kamera. Sijaugusa.

Mwanao

*

Kituo cha Hali ya Hewa
11 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Wiki zimepita na sijaona barua yako. Hukuja, na hukuandika. Nilipiga tena simu pale duka la dawa, wakasema uko, unafungua studio kila siku.

Mimi naendelea na kazi. Asubuhi napima, alasiri napima. Naamka nikiwa nimeshakunja ngumi. Chumba cha Baba nimekifunga, halafu nimekifungua, halafu nimekifunga. Viatu vyake vya pili viko chini ya kiti na siwezi kuvigusa wala kupita bila kuvitazama.

Naomba kitu kimoja. Wasomee wenzako barua yangu ile ya Mei. Yote, neno kwa neno, hapo mezani kwenu penye chai. Mwambie Harusi, mwambie Bwana Gazeti. Waambie picha sasa imepata mtu. Walikuwa wamekaa kwenye viti, hawajui hata mwamba huo unateleza vipi, wakasema weka mtu, asogee karibu. Mimi ni mjinga niliyefuata, hilo nalibeba mwenyewe. Lakini wao pia wajue walichokisema.

Kama huwezi kuwasomea, nipe anwani zao nitawaandikia mmojammoja.

Mwanao

*

Studio
4 Julai

Mwanangu,

Nakusalimu, na sijui kama nina haki ya kukuuliza hali yako.

Sikuwasomea. Usiwaandikie. Hawana kosa.

Hawakusema, mwanangu. Hakuna hata mmoja aliyesema picha haina mtu. Jumamosi ile Bibi Ndege alisema usibadilishe kitu, uendelee hivyohivyo, na kwamba mahali kama hapo mtu angekuwa kelele tu. Bwana Gazeti alikubali kwa kichwa. Niliyeandika kwamba wanataka mtu ni mimi. Nilikaa kwenye meza yangu, nikachukua kalamu, nikawasingizia watu watatu ambao hawakuwepo kujitetea.

Nilitaka kumwona kaka yangu.

Miaka kumi na moja sijamwona. Wewe uliandika anahesabu kama anayeelekeza lori, uliandika anafagia mlangoni, nami nikamsikia kabisa. Lakini sikujua uso wake sasa ukoje, kama ana mvi, kama amekonda. Ningeweza kukuandikia mstari mmoja: nipigie picha ya baba yako. Mwanamke wa umri wangu nikashindwa mstari mmoja. Niliona nikiomba nitakuwa nimekiri, na yeye atajua nimekiri, na atacheka. Basi nikaomba kwa mdomo wa wengine.

Nikaandika asogee karibu. Hayo ndiyo maneno ninayoyasoma kila ninapofumba macho. Asogee, uso uonekane.

Ulipopiga simu, kijana wa duka la dawa alikuja akaniambia mbele ya mteja aliyekuwa amekaa kwa ajili ya picha ya kitambulisho. Nilimpiga picha yule mteja. Nikamwambia anyanyue kidevu. Kisha nilifunga mlango. Nilipanga mkoba nikaenda stendi ya mabasi, nikapanda, nikakaa kwenye kiti. Nikafikiri nitakachokwambia ukinipokea ukilia, ukinishika, ukidhani nimekuja kama shangazi. Nikashuka kabla basi halijaondoka. Wiki iliyofuata nilifanya vivyo hivyo.

Na habari ya mazishi ya Mama: siku ile nilijua ujumbe wa kaka yangu, kwamba asubiriwe, umefika. Niliuona. Nilikuwa nimemuuguza miezi saba peke yangu, yeye yuko barabarani, na nikasema moyoni, na yeye akose kitu kimoja. Hayo sijawahi kumwambia mtu. Wewe hukunisubiri kwa sababu hukuweza. Mimi sikumsubiri kwa sababu sikutaka. Usije ukayaweka pamoja hata siku moja.

Sikuombi unisamehe. Nimekuandikia ili usiwachukie watu wasiohusika, na ili ujue kwamba ulitii amri ya uongo.

Shangazi yako

*

Kituo cha Hali ya Hewa
27 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili.

Nimechelewa kujibu. Barua yako niliisoma kaunta ya posta, nikaisoma tena nikiwa nimekaa kwenye ngazi za posta, watu wananiruka. Kwa muda wa mwezi mzima sikutaka hata kuona mwandiko wako. Nilisema sitakuandikia tena. Nilisema mengi, peke yangu, kwa sauti, nikipima upepo. Mkuu wa kituo alinipa likizo ya siku kumi, sikuweza kuikaa, nikarudi siku ya tatu.

Lakini kuna jambo ambalo sikukuandikia mwezi wa Mei, kwa sababu wakati ule lilionekana dogo, na baada ya barua yako nikaona nikilificha nitakuwa nimefanya kama ulivyofanya.

Barua yako ya Machi ilipofika nilimsomea Baba pale mezani. Nilipofika "hata huyo mbeba stendi anatosha", akaweka kikombe chini. "Soma tena hapo." Nikasoma. Akaanza kucheka. "Mafundi gani? Huyo ni dada yangu! Amekaa huko ametunga mafundi." Nikamwambia hapana, Baba, wapo kweli, wana majina. Akasema, "Wapo, lakini hawa wanaotaka kuona uso wangu ni mtu mmoja. Kichwa ngumu huyo. Angekuwa na haya kidogo angeandika mwenyewe."

Alijua, Shangazi. Kwa kusikia mara moja tu alijua. Mimi ndiye niliyekuwa sijui.

Akaenda kwa kinyozi, na alikuwa hajanyoa vizuri tangu astaafu. Shati alifua mwenyewe, akapiga pasi mwenyewe, kola mara mbili. Kulikuwa na mvua wiki ile, tukangoja, na kila asubuhi aliniuliza, "Daftari lako linasemaje? Leo tunaenda?" Jumapili ilipokuwa na jua akavaa akiwa wa kwanza.

Kule chini nilimwambia asimame nyuma kidogo, kwenye jiwe la juu, mwamba uonekane vizuri. Akakataa. "Hapo nitakuwa nzi. Mwenyewe kasema uso." Akashuka kwenye lile bapa. Nilibishana naye kidogo kisha nikamwacha, kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri na yeye alikuwa na furaha. Akanyoosha mgongo. "Unipige niko wima," akasema. "Asije akasema nimezeeka."

Ndivyo ilivyokuwa. Alikwenda pale kwa ajili yako, akijua, na kwa furaha. Sijui kama hilo linakupunguzia au linakuongezea. Mimi siku nyingine linanipunguzia, siku nyingine siwezi kula. Sikusamehe bado. Sijajisamehe hata mimi, na mimi ndiye niliyesema moja tu zaidi.

Ndani ya kifurushi hiki umo mkanda. Siwezi kuusafisha, na siwezi kuupeleka kwa mtu asiyemjua. Wewe una chumba cha giza na unamjua. Ufanye utakalo. Mimi usinitumie hata moja, mpaka nikuombe.

Na usije kwanza. Nitakwambia.

Mwanao

*

Studio
1 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini u mzima, na kwamba unakula. Hata kidogo, lakini ule.

Nimesikia uliyosema, sitakuja mpaka uniite. Ukiniita nitakuja siku hiyohiyo. Usiponiita nitaendelea kukuandikia, ujibu usijibu.

Mkanda ulikaa kabatini wiki mbili. Jumatatu nilifunga studio mchana nikausafisha. Kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka thelathini, lakini nikamwaga dawa ya kwanza ikabidi nianze upya. Zimetoka saba, zote safi. Sitakueleza zilivyo, umeniambia nisikutumie na maneno nayo ni kutuma. Nitakwambia tu kwamba yuko wima.

Jana ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wenzangu wanajua nilifiwa, hawajui na nani. Sikuwahi kuwaambia nina kaka. Nilitaka kuwasomea barua zako, nikashindwa. Badala yake nikachukua picha ya tano kati ya zile saba, nikaiweka mezani kama picha nyingine yoyote, nikakaa.

Wakaanza. Bwana Gazeti akasema mtu yuko katikati mno, angesogezwa kushoto. Harusi akasema shati limewaka kidogo lakini uso uko vizuri, huyu mpigaji amejua kungoja mwanga. Bwana Gazeti akasema tena, na kwa nini anatazama kamera? Angetazama bahari. Harusi akakataa, akasema hapana, mtazame vizuri, huyu hatazami kamera, anamtazama mtu fulani, anataka kumchekesha. Wakabishana. Anasimama hivi, amenyoa juzi tu, ana kiburi huyu, hana kiburi ana utani. Walimsema karibu nusu saa, mwanangu, kama mtu ambaye wangeweza kukutana naye kesho barabarani. Nami niliwaacha. Sikutaka wanyamaze.

Zamu ya Bibi Ndege ikafika. Aliivuta picha kwake, akaitazama, akanitazama mimi.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Nikamwambia, "Ni kaka yangu."

"Hukuwahi kutuambia una kaka."

"Ninaye," nikasema. Kisha nikalisikia neno nililolisema, na Harusi akaniletea kiti chake ingawa nilikuwa nimeshakaa.

Shangazi yako